Tomaso, Mtume wa Bahari ya Hindi

Mwezi Aprili 1498, meli tatu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Mombasa walikotoka hawakuelewana na wenyeji, lakini mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ugomvi wake wa siku nyingi na Mombasa, aliwapokea vizuri. Bandarini Wareno walikuta vyombo vinne kutoka Bara Hindi. Huko Ureno ilikuwa ikisimuliwa kwa karne nyingi kwamba India kuna Wakristo, wana wa imani wa Mtume Tomaso, basi walipowaona mabaharia hao wakaamini kuwa ndio wenyewe. Wakawakaribisha melini na kuwaonyesha picha ya Bikira Maria amempakata mwanawe chini ya msalaba, mitume wamemzunguka. Wahindi wakasujudu. Siku zote Wareno walizokaa pale, wageni hao walirudi kuomba mbele ya picha, wakileta karafuu na pilipili manga kama sadaka.

Hawakuwa Wakristo. Wanahistoria karibu wote wanakubaliana kwamba walikuwa Wahindu, walioiheshimu picha ile kama walivyoheshimu sanamu za kwao. Mwezi uliofuata, baada ya rubani aliyepatikana Malindi kuwavusha bahari hadi Calicut, Wareno walipiga magoti ndani ya hekalu la Kihindu wakidhani wamo kanisani. Hata hivyo, habari iliyowavuta haikuwa ya uongo. Kusini ya Calicut, katika nchi ya mito na minazi ambayo leo ni jimbo la Kerala, waliishi Wakristo maelfu kwa maelfu. Walikuwa na makanisa na mapadre wao, ibada yao ilikuwa kwa lugha ya Kisiria, na maaskofu wao walitoka Mesopotamia. Wakiulizwa ni nani aliyewaletea imani, jibu lao lilikuwa moja: Mtume Tomaso mwenyewe.

Je, seremala au mvuvi wa Galilaya angeweza kufika huko? Ili kulijibu swali hilo inabidi tumfuate mtu huyu hatua kwa hatua, kutoka kwenye Injili hadi kwenye sarafu, pepo za bahari na mabamba ya shaba.

Katika Injili za Mathayo, Marko na Luka, Tomaso ni jina tu katika orodha ya wale Thenashara. Ni Yohana anayempa sauti. Yesu alipoamua kurudi Uyahudi, ambako watu walitaka kumpiga mawe, Tomaso ndiye aliyewahimiza wenzake waende wakafe pamoja naye. Kwenye karamu ya mwisho, Yesu aliposema kwamba wanaijua njia aendako, Tomaso alikiri waziwazi kuwa hawaijui. Na baada ya ufufuko, alipoambiwa na wenzake kwamba wamemwona Bwana, alikataa kuamini mpaka aone alama za misumari na kutia mkono ubavuni. Siku nane baadaye akapewa nafasi hiyo, akamkiri Yesu kuwa Bwana na Mungu wake. Watu wengi wanamkumbuka kwa ile siku ya shaka tu, wakasahau kwamba ndiye aliyetangulia kujitolea kufa. Baada ya hapo anatajwa katika chumba cha juu Yerusalemu, mwanzoni mwa Matendo ya Mitume, kisha Maandiko hayasemi habari zake tena.

Aliyechukua kalamu baada ya hapo ni mwandishi asiyejulikana jina, aliyeandika kwa Kisiria mwanzoni mwa karne ya 3, yaelekea katika mji wa Edessa, ambao leo ni Urfa, kusini mashariki mwa Uturuki. Kitabu chake kinaitwa Matendo ya Tomaso. Kanisa halikukiingiza katika Biblia, lakini kilisomwa sana. Kinasimulia kwamba mitume walipiga kura kugawana nchi za dunia, na kura ya India ikamwangukia Tomaso. Akakataa. Alisema mwili wake ni dhaifu, tena yeye ni Mwebrania, atawahubirije Wahindi? Basi Yesu akamtokea mfanyabiashara aitwaye Habban, aliyekuwa ametumwa na mfalme wake kutafuta fundi seremala, akamuuzia Tomaso kama mtumwa, na hati ya mauzo ikaandikwa. Habban alipomuuliza ana ufundi gani, Tomaso alijibu kuwa kwa mbao anatengeneza majembe ya kukokotwa, nira na makasia, na kwa mawe anajenga nguzo na majumba ya wafalme.

Mfalme aliyemngojea anaitwa Gondophares. Alimkabidhi Tomaso fedha nyingi ajenge jumba la kifalme, na Tomaso akazigawa zote kwa maskini na wagonjwa. Mfalme alipouliza jumba liko wapi, aliambiwa kwamba hawezi kuliona sasa, ataliona akishaiaga dunia. Fundi akatiwa gerezani. Usiku huohuo Gad, ndugu yake mfalme, akafa, na malaika wakamtembeza mbinguni. Akaona jumba zuri kupita yote, akaomba akae japo katika chumba chake cha chini. Akaambiwa hapana, jumba hili ni la ndugu yako, amejengewa na yule Mkristo. Gad akaomba arudishwe duniani ili alinunue. Mwisho wa hadithi hiyo, ndugu wote wawili wakabatizwa. Baadaye Tomaso alikwenda kwenye milki ya mfalme mwingine, Mazdai, na huko akauawa kwa mikuki ya askari wanne.

Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliichukulia habari hii kuwa ni ngano tupu, kwa kuwa hakuna mwanahistoria wa Kigiriki wala wa Kirumi aliyemtaja mfalme Gondophares. Kisha, katika miaka ya 1830, Mwingereza Charles Masson alianza kukusanya sarafu za kale karibu na Kabul, nchini Afghanistan. Zilipatikana kwa maelfu. Baadhi zina mfalme juu ya farasi, na jina lake limeandikwa upande mmoja kwa Kigiriki na upande wa pili kwa hati ya Kharosthi. Jina lenyewe ni Gondophares. Baadaye likapatikana jiwe linalojulikana kama jiwe la Takht-i-Bahi, ambalo leo limo katika makumbusho ya Lahore. Maandishi yake yanataja mwaka wa 26 wa utawala wake, ambao wataalamu wengi wanauweka karibu na mwaka 46 baada ya Kristo. Kwa hiyo mfalme wa hadithi alikuwa mtu kweli, mtawala wa Kiparthi katika nchi ambayo leo ni Pakistan na Afghanistan, na alitawala katika kizazi kilekile cha mitume.

Hiyo haithibitishi kwamba Tomaso alikutana naye. Inathibitisha kwamba mwandishi wa Edessa, miaka 150 na zaidi baada ya mfalme huyo kufa, alikuwa na kumbukumbu ya kweli ya mashariki, na yaelekea kumbukumbu za namna hiyo zilikuja na wafanyabiashara. Naye aliyempeleka Tomaso katika hadithi ni mfanyabiashara.

Tugeukie bahari, ambayo wasomaji wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa. Katikati ya karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa bandari uitwao Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ndani yake anaieleza pwani ya Afrika Mashariki mpaka Rhapta, soko la mwisho la Azania, ambalo wengi wanaliweka katika pwani ya Tanzania. Anataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, na mabaharia Waarabu waliooa kwa wenyeji na kujua lugha yao. Kisha anavuka upande wa pili na kuieleza Muziris, bandari ya Malabar, yaani pwani ya Kerala, iliyojaa meli, zikiwamo za kutoka Misri. Nguvu iliyoziunganisha bandari hizi ni ileile iliyoyaendesha majahazi ya Lamu na Zanzibar hadi juzi juzi: kusi kwenda, kaskazi kurudi. Meli zilitoka Misri mwezi Julai, zikashika kusi kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimekwisha kushusha na kupakia Malabar.

Biashara hiyo haikuwa ndogo. Hati ya mafunjo ya karne ya 2, iliyohifadhiwa Vienna, inahusu mkopo wa safari ya Muziris, na upande wake wa nyuma umeorodhesha shehena ya meli moja, Hermapollon: nardo, pembe za ndovu na vitambaa. Thamani yake inakaribia sestersi za Kirumi milioni 7. Mwandishi wa Kirumi Pliny alilalamika kwamba India peke yake inanyonya sestersi milioni 50 kila mwaka. Tangu 2007 wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua kijiji cha Pattanam, Kerala, ambacho wengi wanaamini ndicho kilichobaki cha Muziris, wakapata vigae vingi vya mitungi ya mvinyo na mafuta ya zeituni kutoka nchi za Mediterania. Kwa hiyo Myahudi wa karne ya 1 aliyetaka kwenda Malabar hakuhitaji muujiza. Alihitaji nauli na subira ya kungoja upepo.

Mapokeo ya Kerala yanasema Tomaso alishuka hapo karibu na Muziris mwaka 52. Akahubiri, akasimamisha misalaba na kuanzisha makanisa saba: Kodungallur, Palayur, Kottakkavu, Kokkamangalam, Niranam, Nilackal na Kollam. Zipo koo, kama Pakalomattom na Sankarapuri, zinazosema mababu zao walibatizwa kwa mkono wake, na kwa muda mrefu viongozi wa kanisa walitoka katika koo hizo. Kisha, wanasema, alivuka hadi pwani ya mashariki, Mylapore, ambako leo ni ndani ya jiji la Chennai, na huko akachomwa mkuki mlimani mwaka 72. Habari hizi zilipokezanwa kwa nyimbo. Hata leo katika harusi na sherehe huchezwa Margam Kali: wachezaji 12 huzunguka taa iliyowashwa katikati, na taa hiyo ni Kristo, nao ni mitume.

Wanaoyatilia shaka mapokeo haya wana hoja nzito. Nyimbo za Kerala katika umbo tulilonalo ziliandikwa wakati Wareno wamekwisha kufika. Jina India, kwa waandishi wa kale, liliweza kumaanisha nchi yoyote kutoka Arabuni hadi mto Indus. Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anasema Tomaso alipangiwa Waparthi, na kwamba mwalimu Pantaenus wa Alexandria alipokwenda India alikuta Injili ya Mathayo iliyoachwa na Bartholomayo. Wanaoyatetea nao hawakosi la kusema. Efraimu Msiria, mtunzi mkubwa wa tenzi za ibada aliyefariki Edessa mwaka 373, aliimba juu ya mfanyabiashara aliyeileta mifupa ya Tomaso kutoka India. Edessa ndio mji uliojivunia kaburi lake. Mwaka 384 hujaji mwanamke aitwaye Egeria alifika huko kusali, na mwaka 394 masalia yakahamishiwa kanisa kubwa. Mji ambao ungefaidika kudai kwamba mtume alifia kwake, ulikiri kwamba alifia mbali. Masalia hayo baadaye yalipelekwa kisiwa cha Chios, na mwaka 1258 yakafika Ortona, Italia, yaliko mpaka leo.

Hata tukiacha suala la mtume mwenyewe kando, hakuna shaka juu ya kuwapo kwa Wakristo wake. Katika karne ya 6, Cosmas, mfanyabiashara wa Alexandria, aliandika kwamba pwani ya pilipili kuna kanisa la Wakristo. Kanisa hilo lilikuwa tawi la Kanisa la Mashariki, lenye makao yake makuu katika milki ya Waajemi, karibu na mahali Baghdad ilipojengwa baadaye. Na mwaka 849 ukatolewa ushahidi ambao mtu anaweza kuushika mkononi.

Ni mabamba ya shaba, yamechongwa maandishi. Ayyan, mtawala wa Venad, analipatia haki kanisa lililojengwa Kollam na kiongozi wa wafanyabiashara aliyeitwa Sapir Iso. Kanisa linapewa ardhi, familia za wakulima wa kuilima, msamaha wa kodi kadhaa, na usimamizi wa mizani na vipimo vya soko. Vyama vya wafanyabiashara vinawekwa kuwa walinzi wa haki hizo. Kisha zinakuja saini za mashahidi, nazo ni jambo la kustaajabisha: wengine wametia saini kwa Kiarabu cha hati ya Kufi, wengine kwa Kiajemi cha kale cha hati ya Pahlavi, wengine kwa herufi za Kiebrania. Waislamu, Waajemi na Wayahudi wanashuhudia hati ya mtawala wa Kihindu kwa kanisa la Kikristo. Anayeijua Kilwa au Mombasa ya zamani ataitambua hali hiyo mara moja. Ndivyo bandari za bahari hii zilivyoendesha mambo yao.

Mwishoni mwa karne ya 13, Marco Polo alieleza kaburi la Tomaso katika pwani ya mashariki ya India. Alisema Wakristo na Waislamu wote wanalizuru, na kwamba mahujaji wanachukua udongo mwekundu wa pale, wanauchanganya na maji na kumnywesha mgonjwa wa homa. Hadithi aliyoisikia ya kifo cha mtume ilikuwa tofauti na zote: mtume alikuwa akisali, amezungukwa na tausi, akapigwa mshale na mwindaji aliyelenga ndege.

Wareno waliporudi Malabar kwa nguvu, Wakristo wa Tomaso waliwapokea kama ndugu. Mwaka 1502 wajumbe wao walimwendea Vasco da Gama na kumkabidhi fimbo iliyopambwa kwa fedha, ishara ya kuomba ulinzi wa mfalme wa Ureno. Udugu haukudumu. Wareno waligundua kwamba mapadre wa huko wanaoa, ibada ni ya Kisiria, na anayeombewa misani ni Patriaki wa Babeli, mkuu wa kanisa lao la mashariki. Mwezi Juni 1599, Askofu Mkuu wa Goa, Aleixo de Menezes, aliitisha sinodi Udayamperoor, inayojulikana kwa jina la Sinodi ya Diamper. Kwa muda wa siku chache iliamuliwa kuwa mapadre waache kuoa, Patriaki asitajwe tena, na vitabu vya Kisiria visahihishwe au vichomwe moto. Vingi vilichomwa. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya uhaba wa maandishi ya kale Kerala, na anayewadai Wakristo hawa hati za karne za kwanza anapaswa kuukumbuka moto huo.

Walivumilia nusu karne. Mwaka 1652 askofu kutoka mashariki, Ahatallah, alifika Mylapore, Wareno wakamkamata na kumpakia melini. Uvumi ukaenea kwamba ametoswa baharini. Tarehe 3 Januari 1653 watu walikusanyika Mattancherry, karibu na Kochi, mbele ya msalaba wa mawe, wakaapa kwamba hawatawatii tena mapadre wa Kijesuiti wa Wareno. Umati ulikuwa mkubwa mno wote wasiweze kuugusa msalaba, basi wakaufunga kamba na kila mmoja akashika kamba. Mapokeo yanasema msalaba uliinama kwa uzito wa mikono. Miezi michache baadaye mapadre 12 walimwekea mikono shemasi mkuu wao, akawa Mar Thoma wa Kwanza.

Tangu hapo wamegawanyika. Wengi walirudi kwa Roma huku wakitunza ibada yao ya mashariki, na leo ni Kanisa la Siro-Malabar, lenye waumini zaidi ya milioni 4. Wengine ni Waorthodoksi, Wayakobi, na Kanisa la Mar Thoma lililotokana na matengenezo ya karne ya 19. Wamefikishana mahakamani mara nyingi kugombea majengo na mali. Lakini nyumbani bado ni ndugu wa desturi moja. Alhamisi Kuu jioni, kila familia huoka mkate usiotiwa chachu, juu yake ukawekwa msalaba mdogo wa tawi la mtende lililobarikiwa Jumapili ya Matawi. Baba wa nyumba husali, huukata na kumgawia kila mmoja kwa umri wake. Nyumba yenye msiba mwaka huo haioki; majirani ndio wanaoiletea. Nayo serikali ya India, nchi yenye Wahindu wengi, ilimtolea mtume huyo stempu mwaka 1964.

Baadhi ya Wakristo hao tunaishi nao. Mapadre na masista kutoka Kerala wanahudumu katika majimbo ya Tanzania na Kenya, shuleni na hospitalini, na Kanisa Katoliki duniani humkumbuka Mtakatifu Tomaso kila tarehe 3 Julai.

Hukumu ya historia, kwa ushahidi uliopo, ni hii. Kwamba Tomaso alifika Malabar mwaka 52, haijathibitishwa. Kwamba angeweza kufika, hakuna anayeweza kupinga, maana njia ilikuwa wazi na meli zilikwenda kila msimu. Lakini jambo moja halina mjadala. Ukristo katika Bahari ya Hindi haukuletwa na Wareno. Ulikuwapo karne nyingi kabla yao, ukiwa na lugha yake, maaskofu wake na majirani zake Waislamu, Wahindu na Wayahudi. Anayefundisha watoto wetu kwamba dini hii ilishuka kwenye fukwe za bahari hii kutoka katika meli za Vasco da Gama, anawafundisha makosa.